Mtandao hafifu nyumbani: ya kukagua kabla ya kununua kifaa kipya, Busia na Malaba

Ujumbe wa kumkaribisha Uganda huingia kwenye simu ya mkazi wa mtaa wa Marachi mjini Busia akiwa bado jikoni, chai ikiwa mekoni. Hajavuka mpaka, wala hajafika kwenye lango la forodha. Simu yake ndiyo iliyovuka: imeacha mlingoti wa Kenya na kushika wa upande wa pili, kwa kuwa mawimbi ya huko yamefika dirishani kwake yakiwa na nguvu zaidi.

Wengi huchukulia jambo hilo kama kichekesho cha mpakani. Lakini si kichekesho kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe anayetuma kazi yake dakika kumi kabla ya muda kwisha, wala kwa wakala wa forodha wa Malaba anayejaza stakabadhi za lori akiwa nyumbani usiku huku dereva akimsubiri kwenye foleni. Siku hizi huduma nyingi za serikali ziko kwenye eCitizen, kodi hulipwa kwa iTax, na vijana huomba nafasi za vyuo kupitia mtandao wa KUCCPS. Mtandao ukikatika siku ya mwisho, nafasi imepotea, na hakuna karani wa kulaumiwa.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba intaneti yenyewe haiko mbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka huko, faiba hupanda hadi Nairobi na kuja magharibi, na sehemu kubwa ya intaneti inayotumika Uganda huvuka mpaka hapa hapa, Busia na Malaba. Mzigo wa Kampala unapita kando ya barabara, na nyumba iliyo mita 300 kutoka barabara hiyo inashindwa kufungua barua pepe. Mara nyingi kilichokwama kiko katika safari fupi ya mwisho, kutoka mlingoti au nguzo ya karibu hadi chumba anamokaa mtumiaji. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja dukani.

Mtandao unapotelea wapi?

Wateja wengi hununua kifurushi kikubwa zaidi, au ruta ya pili, bila kujua tatizo liko wapi. Ni sawa na kununua tangi kubwa la maji wakati bomba ndilo lililoziba.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwenye nyumba aunganishe kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, ile yenye plagi ya plastiki inayobofya, kisha apime kasi kwa tovuti au programu yoyote ya kupimia. Asiye na kompyuta asimame na simu hatua moja tu kutoka kwenye ruta. Arudie asubuhi, saa kumi jioni na saa tatu usiku, na aandike matokeo kwenye karatasi. Kisha apime tena akiwa kwenye chumba kinachosumbua.

Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya chumbani, mtandao unaofika nyumbani hauna neno. WiFi ndiyo inayopotelea njiani, na tiba iko ndani ya nyumba. Kasi ikiwa mbaya hata kwenye kebo, hakuna kifaa cha WiFi kitakachosaidia, hata kiwe cha bei gani. Tatizo liko nje: mlingoti, faiba au kifurushi. Na ikiwa ni nzuri asubuhi kisha inakufa saa tatu usiku, huenda mlingoti umezidiwa na watumiaji wa mtaa mzima waliorudi nyumbani kwa wakati mmoja.

Kuna siku ambazo hata jaribio halihitajiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na mtandao ukalegea Afrika Mashariki yote. Aliyenunua ruta mpya wiki hiyo alipoteza pesa zake. Kumuuliza jirani kwanza ni bure.

Mawimbi hayaonyeshi pasipoti

Kwa anayetumia laini ya simu au ruta ya kadi ya simu, mpaka wenyewe ni sehemu ya tatizo, na hili halimo kwenye maelezo ya kawaida yanayokuja na vifaa. Simu imeundwa kutafuta mtandao wa nyumbani kwanza, lakini mtandao huo ukidhoofika, hushika wowote inaoruhusiwa. Mjini Busia na Malaba unaofuata kwa nguvu mara nyingi ni wa Uganda. Simu inaweza kurukaruka kati ya pande hizo mbili mara nyingi kwa saa, na kila mara intaneti hukatika kidogo. Mtumiaji huona duara linazunguka tu, akadhani ni kifurushi kimekwisha.

Gharama nayo ipo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza utaratibu wa mtandao mmoja wa kikanda uliopunguza bei ya kupiga simu ukiwa nchi jirani na kuondoa malipo ya kupokea. Utaratibu huo ulilenga hasa simu za sauti. Data ni hesabu nyingine: vifurushi vingi vilivyonunuliwa Kenya havifanyi kazi kwenye mlingoti wa Uganda, na simu ikiachiwa inaweza kukata salio la kawaida kimya kimya.

Njia ya kujua iko ndani ya simu yenyewe. Kila nchi ina namba yake ya utambulisho wa mitandao ya simu. Ya Kenya ni 639 na ya Uganda ni 641. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta ya kadi ya simu, na kwenye programu nyingi za bure za kuonyesha hali ya mawimbi, namba hiyo huonekana mwanzoni mwa utambulisho wa mtandao ulioshikwa. Ikisomeka 641 wakati ruta iko kwenye meza ya sebule Malaba, jibu limepatikana. Jina la kampuni pekee linaweza kumchanganya mtu, kwa sababu Airtel, kwa mfano, inafanya kazi pande zote mbili.

Tiba ya kwanza ni kuzima sehemu iliyoandikwa "data roaming", ili salio lisiliwe. Lakini hilo peke yake halileti mtandao. Linazuia hasara tu, na simu iliyoshika Uganda itabaki bila intaneti kabisa. Tiba ya pili ni kuondoa uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki na kuchagua kwa mkono mtandao wa Kenya. Kwa ruta inayokaa mahali pamoja, hili lifanywe mara moja na kuachwa. Kwa simu ya mfanyabiashara anayevuka kila siku kwenda sokoni upande wa pili, ni usumbufu, kwani itambidi kurudisha uchaguzi wa kiotomatiki kila akivuka. Huyo pengine atafaidika zaidi na simu ya laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, kama wengi wanavyofanya tayari.

Ruta ikiwekwa upande gani wa nyumba? Uganda iko magharibi. Kwa nyumba nyingi za Burumba, Mayenje au upande wa Amagoro, dirisha la mashariki hulinda ruta dhidi ya mawimbi ya ng'ambo kwa sababu nyumba yenyewe inakuwa ukuta katikati. Isipokuwa, bila shaka, mlingoti wa Kenya uwe kati ya nyumba na mpaka. Ndiyo maana ni lazima kupima. Kipimo cha nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba hasi, na kwenye simu nyingi za Android hupatikana kwenye maelezo ya simu, sehemu ya hali ya laini. Kwa mtandao wa 4G, -80 ni nzuri sana, -100 inavumilika, na ikifika -115 mtandao uko karibu kukatika. Mtu azunguke pande nne za nyumba na kuandika namba. Tofauti ya desibeli kumi kati ya sebule na chumba cha nyuma ni ya kawaida, na ni mara kumi ya nguvu ya mawimbi. Kuhamisha ruta kutoka nyuma ya televisheni hadi dirishani hakugharimu kitu.

Mahali ambapo hata dirisha halitoshi, antena ya nje ya kuelekeza upande mmoja husaidia sana. Inaelekezwa kwenye mlingoti wa Kenya na kuipa Uganda mgongo. Mambo mawili huwaponza wanunuzi hapa. Ruta nyingi za 4G hutumia antena mbili kwa pamoja, hivyo kufunga moja ni kupata nusu kazi. Na baadhi ya ruta hazina tundu la antena kabisa, jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Pia, kila mita ya waya wa antena hula mawimbi. Antena nzuri juu ya paa yenye waya wa mita 20 inaweza kufikisha chini kidogo kuliko ilichovuna. Ni afadhali ruta ya nje inayofungwa ukutani, kisha kebo ya mtandao ndiyo ishuke ndani.

Vile vimashine vya kuongeza nguvu ya mawimbi ya simu vinavyouzwa kwa bei ya chini viepukwe. Vifaa vya mawasiliano hapa nchini huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kuvuruga mlingoti wa mtaa mzima. Kwa mkazi wa mpakani kuna sababu ya ziada: mashine hizo hukuza kila zinachosikia, pamoja na mawimbi ya Uganda aliyokuwa akiyakimbia.

Faiba, ruta ya 4G au setilaiti

Faiba ikipita mtaani, swali limekwisha. Haijali mpaka, haijali mvua, na kasi ya saa tatu usiku hukaribia ya asubuhi. Tatizo ni kwamba katikati ya mji wa Busia na Malaba mtu anaweza kuipata, na kilomita chache tu nje, kuelekea Adungosi au Chakol, asiipate. Faiba ya taifa inayofika makao makuu ya kaunti iliwekwa kwa ajili ya ofisi za umma na kampuni, na haiingii nyumbani moja kwa moja. Kampuni ndizo huvuta tawi hadi mlangoni, na huvuta palipo na wateja. Ombi la nyumba moja husubiri. Wapangaji wa ploti nzima au majirani wa barabara moja wakiorodhesha majina na kupeleka ombi moja, kampuni ina hesabu ya kufanya.

Ruta ya 4G au 5G ndiyo njia ya wengi, na yote yaliyosemwa kuhusu mpaka yanaihusu. Kabla ya kufunga mkataba, mtu aazime laini ya kila kampuni na kuipima pale pale nyumbani, kwa kuwa kampuni inayong'ara sokoni inaweza kuwa dhaifu nyuma ya kilima.

Setilaiti ni njia ya tatu. Starlink ilianza kutoa huduma Kenya Julai 2023, na kwa boma lililo mbali na mlingoti huenda ikawa ndiyo njia pekee ya kasi nzuri. Setilaiti zake huzunguka kama kilomita 550 juu ya ardhi, karibu kiasi kwamba hata simu za video hazichelewi kama zamani. Sahani yake hutaka anga wazi. Mwembe mmoja mkubwa au safu ya mikaratusi upande isipotakiwa hukata mtandao kila dakika chache. Hula stima zaidi ya ruta ya kawaida, na bei ya kuanzia si ndogo. Na kwa kuwa huduma hii huidhinishwa nchi kwa nchi, aliyeisajili Kenya asidhani anaweza kuibeba kwa bodaboda hadi kwa shemeji yake ng'ambo.

Ndani ya nyumba: mabati, ukuta na ploti

Mabati huzuia mawimbi ya redio karibu kabisa. Nyumba ya kuta za mabati ni kama sufuria iliyofunikwa: ruta ya kadi ya simu iliyo ndani haisikii mlingoti, na simu iliyo nje haisikii ruta. Katika nyumba ya matofali, kila ukuta hupunguza kidogo, na wa zege yenye nondo hupunguza sana. Tangi la maji, friji na kabati la chuma navyo huzuia.

WiFi ya kawaida ina masafa mawili, 2.4 na 5. Ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole, na kwenye ploti zenye wapangaji kumi na ruta kumi husongamana kama stendi siku ya soko. Ya 5 ni ya kasi lakini huchoka baada ya ukuta mmoja au miwili. Aliye chumba kimoja na ruta atumie 5. Aliye mbali, 2.4. Kwenye msongamano, ruta iwekwe chaneli 1, 6 au 11, yoyote ambayo majirani hawajaijaza, kwa kuwa hizo tatu pekee haziingiliani. Ruta iwe juu, wazi, katikati ya nyumba. Kwa ruta ya kadi ya simu kuna mvutano, kwa kuwa mlingoti unaitaka dirishani na vyumba vinaitaka katikati. Hapo ndipo waya unapoingia.

Waya ndio dawa ya kudumu

Mafundi wengi hukimbilia kuuza ripita, kile kifaa kinachochomekwa ukutani na kurudia WiFi. Kinasaidia, lakini kikiwa na redio moja kinasikiliza na kusema kwa zamu, na kasi hupungua karibu nusu. Pia wengi hukiweka pabaya, katika chumba kisicho na mtandao, ambako hakina cha kurudia. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mtandao bado una nguvu.

Kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 hubeba kasi kamili hadi mita 100 bila kujali ukuta wala mabati. Ruta inabaki dirishani inakosikia mlingoti, kebo inapita darini, na mwisho wake kunafungwa kituo cha pili cha WiFi chenye jina na neno la siri lile lile. Ruta ya zamani iliyolala kabatini mara nyingi inaweza kufanya kazi hiyo, fundi akizima ugawaji wake wa anwani ili isigombane na ile kuu. Televisheni au kompyuta isiyohama ichomekwe waya moja kwa moja. Kila kifaa kinachotoka kwenye WiFi huwaachia wengine nafasi. Mnunuzi aombe kebo ya shaba tupu. Madukani kuna ya alumini iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi bei, na huvunjika ndani baada ya kukunjwa mara chache.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta ana njia mbili. Ya kwanza ni seti ya vituo vya WiFi inayouzwa kwa jina la mesh, ambayo huwasiliana vyenyewe na ni bora kuliko ripita, ingawa ghali. Ya pili ni jozi ya adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za stima za nyumba. Hizi hutegemea nyaya zilivyofungwa. Kwenye nyumba ya zamani zinaweza kukata tamaa, na zisichomekwe kwenye kebo ya kurefusha umeme.

Anayetaka kufikisha mtandao nyumba ya pili ndani ya boma awe mwangalifu. Ukanda unaozunguka Ziwa Victoria una radi nyingi mno, na kebo ya shaba iliyoning'inia hewani kati ya nyumba mbili ni mwaliko. Radi ikipiga karibu, huchoma vifaa vya pande zote mbili, na anayeshika waya huo yuko hatarini. Kati ya majengo itumike faiba, ambayo haipitishi umeme, au jozi ya antena za WiFi zinazotazamana. Antena ya paani ifungwe waya wa kwenda ardhini na fundi wa umeme mwenye leseni. Mawingu yakitanda, plagi zote zichomolewe, ya stima na ya kebo pia, kwani wengi husahau hiyo ya pili.

Stima ikipotea, mtandao mara nyingi bado upo; ni ruta tu iliyozimika. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi 12, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 yenye saa-ampea 7 inaweza kuiweka hai kwa saa tano hivi. Volti zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta zilingane na za betri, la sivyo ruta itaungua.

Anayetaka kuwauzia majirani intaneti yake ajue kwamba biashara hiyo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kugawana na familia ndani ya nyumba ni jambo jingine.

Ikiwa kipimo cha kwenye kebo kimeonyesha kwamba tatizo liko kwa mtoa huduma, malalamiko huanzia kwake, na namba ya malalamiko ihifadhiwe. Asipotatua, mteja anaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ile karatasi ya vipimo vya asubuhi, jioni na usiku, yenye tarehe na namba ya 639 au 641 iliyosomeka kila mara, iambatanishwe.